Kinga ya Mwaka Jana Haitoshi



Hisa zetu, jasho la mpunga na kakao, siku hizi zimeandikwa kwenye kompyuta iliyo nyumbani kwa katibu. Wengine tunauliza: kusasisha programu ya kuzuia virusi kunatusaidia nini, maana kunakula bando?

Mei 2017 kirusi WannaCry kilifunga mafaili katika nchi zaidi ya 150, kikidai fedha. Microsoft ilikwisha kutoa kinga tangu Machi. Wengi walioumia hawakuwa wameiweka.

Virusi vipya huzuka kila siku. Basi tukubaliane: programu isasishwe kila wiki, flashi ikitoka dukani kuchapisha, ikaguliwe kwanza, na daftari la mkono tusiliache.