Pole Si Fidia: Haki Yako Ukiumia Kazini

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi wa Kibomet, Kitale



Nimeombwa nizungumze juu ya bima ya wanaoumia kazini. Wengi wenu mmesikia neno WIBA. Hilo ni jina la mkato la Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, iliyopitishwa mwaka wa 2007. Masuala ya kazi yako chini ya serikali ya kitaifa, si kaunti. Lakini anayeumia ni mkazi wetu, na kumpa mkazi habari anayohitaji ni kazi yetu.

Mnajua inavyokuwa hapa kwetu mtu akiumia kazini. Kabla jua halijatua, kundi la WhatsApp limefunguliwa, mweka hazina amechaguliwa na namba ya M-Pesa inasambazwa. Majirani wanachanga. Huo ni utu wetu, na hakuna anayesema tuuache. Lakini mara nyingi tunachangia deni ambalo sheria tayari imemwekea mtu mwingine alilipe. Mtu huyo ni mwajiri, na nyuma yake kuna kampuni ya bima.

Sheria inamtaka kila mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake, kutoka kwa kampuni iliyoidhinishwa. Haijalishi kama ana kiwanda, shamba la mahindi, duka la mbao au jengo linaloendelea mjini. Serikali pia ni mwajiri, na sheria hii inaihusu. Asiye na bima anavunja sheria, na deni halimwondokei. Atalilipa kutoka mfukoni mwake.

Sasa, mfanyakazi ni nani? Ni mtu aliyeajiriwa kwa mshahara au ujira, na mwanagenzi anayejifunza kazi yumo. Kibarua anayelipwa kila jioni asidanganywe kwamba hana haki kwa sababu hakutia sahihi karatasi yoyote. Sheria ya Ajira inatambua mkataba wa mdomo sawa na wa maandishi. Tena, ikiwa mwenye shamba anawabeba wafanyakazi bila malipo kwa gari alilolitenga kwa kazi hiyo, likiendeshwa naye au na mfanyakazi wake, ajali ya njiani huhesabiwa kuwa ajali ya kazini.

Wengine huniuliza, "Na kama kosa lilikuwa langu?" Mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Anaweza kunyimwa fidia kama alijiumiza kwa ukaidi wa makusudi, na hata hapo, akipata ulemavu mkubwa au akifariki, haki haipotei.

Tuje kwenye pesa. Kwanza, gharama zinazofaa za matibabu ni za mwajiri: daktari, kulazwa, upasuaji, dawa, usafiri wa kwenda hospitali, hata mguu wa bandia au magongo yakihitajika. Pili, ukishindwa kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi, unastahili malipo badala ya mshahara wako unapopona, kwa muda usiozidi miezi 12. Tatu, ukibaki na ulemavu wa kudumu, fidia hupigiwa hesabu kwa mshahara wa miezi 96.

Hebu tupige hesabu pamoja. Kijana anaendesha mashine ya kupukuchua mahindi na analipwa shilingi 15,000 kwa mwezi. Mashine inamjeruhi mkono, na daktari anapima ulemavu wa asilimia 20. Mshahara wake mara miezi 96 ni shilingi 1,440,000. Asilimia 20 ya hiyo ni shilingi 288,000. Waziri anaweza kuweka kiwango cha chini na cha juu, lakini hiyo ndiyo njia ya hesabu.

Sasa mlinganishe na yale tunayoyaona. Msimamizi anakuja hospitalini na matunda na shilingi elfu tano. Anasema, "Pole sana, ndugu. Hii ikusaidie." Kisha anatoa karatasi ya kutia sahihi. Pokea pole, maana pole ni uungwana. Lakini pole si fidia. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa ukiwa kitandani na maumivu. Mwombe mtu unayemwamini akusomee kwanza.

Na mfanyakazi akifariki, wategemezi wake wana haki ya kulipwa. Mjane mwenye watoto asiambiwe kwamba mambo yameisha kwa sababu mwajiri alileta jeneza na lori la kubeba waombolezaji.

Haki hii ina saa yake, na saa hiyo huanza siku ya ajali. Mwambie mwajiri mara moja, kwa mdomo au kwa maandishi. Maandishi ni bora, hata ujumbe wa simu, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari. Mwajiri akishajua, ana siku saba za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Huduma za Usalama na Afya Kazini. Ajali ikiua, afisa wa usalama kazini anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 24. Fomu inayotumika inaitwa DOSH/WIBA 1. Mwajiri anajaza sehemu yake, na daktari anajaza yake. Huhitaji wakili kuijaza. Dai lenyewe liwasilishwe kabla ya miezi 12 kwisha tangu ajali au kifo. Mkurugenzi akishawasilisha dai kwa mwajiri au kampuni ya bima, wana siku 90 za kulipa.

Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kupinga kwake. Akijibu na bado hujaridhika, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Nasisitiza utaratibu huu kwa sababu zamani wengi walikwenda kwa wakili moja kwa moja na kesi ikaanza mahakamani. Sheria hii ilipingwa kortini kwa miaka mingi, hadi tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba vifungu vilivyopingwa ni halali. Kwa hivyo mlango wa kwanza ni Mkurugenzi. Ukianzia mlango usio wako, miezi inapita na saa inaendelea kuhesabu.

Majirani zetu wa Tanzania wana njia tofauti. Kule kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka wa 2008 na ulioanza kazi Julai 2015. Waajiri wanachangia mfuko mmoja wa umma. Hapa kwetu kila mwajiri hununua bima yake mwenyewe, na ndiyo maana mfanyakazi hawezi kukaa kimya. Ukiajiriwa, uliza kwa heshima: "Mkubwa, bima yetu ya kuumia kazini iko na kampuni gani?" Swali hilo liulizwe mapema, mkono ukiwa mzima.

Kwenu waajiri, najua mahindi yana msimu na pesa hazitoshi. Lakini bei ya bima hufuata mishahara unayolipa na hatari ya kazi yenyewe. Bila bima, ajali moja inaweza kumeza mavuno ya mwaka mzima. Na kinga ni nafuu kuliko zote: funika mkanda wa mashine, nunua glavu, usimpe mgeni mashine kabla hajafundishwa. Ukiwa na wafanyakazi 20 au zaidi, sheria inakutaka uwe na kamati ya usalama na afya kazini.

Kwa ndugu zetu wa bodaboda na wote wanaojiajiri, WIBA haiwafikii, kwa kuwa hakuna mwajiri wa kudaiwa. Nyinyi fikirieni bima ya ajali ya mtu binafsi, labda kupitia chama chenu.

Tutaendelea kuchangiana, maana ndivyo tulivyolelewa. Lakini siku nyingine kundi la WhatsApp likifunguliwa kwa ajili ya aliyeumia kazini, ujumbe wa kwanza usiwe namba ya M-Pesa. Uwe swali hili: "Fomu ya WIBA imejazwa?"