Mlango Bora kwa Nyumba ya Askari na ya Raia



Katika mazungumzo yetu ya leo tutazungumza juu ya mlango wa nje wa nyumba. Yamkini wapo watakaouliza: je, hakuna mambo makubwa zaidi ya kuzungumzwa redioni baada ya taarifa ya habari? Mambo makubwa yapo. Lakini usalama wa taifa huanzia katika nyumba ya mwananchi, na nyumba huanzia mlangoni. Askari anayekesha lindoni akijua kwamba watoto wake wamelala mahali pakavu, penye joto la kiasi na hewa safi, hulinda kwa moyo uliotulia.

Tuitazame nchi ya Ankole, tukianzia mji wa Mbarara mpaka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro. Mbarara iko kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo ya mstari wa Ikweta. Mchana jua huwaka, na joto hufika nyuzi 26 au 27. Usiku hupungua hata nyuzi 14 au 15. Katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi hutimka barabarani mchana na baridi huuma alfajiri. Kwa hiyo nyumba ya huko haina adui mmoja. Inao wawili, joto na baridi, nao hupokezana zamu kila siku. Mlango unaofaa ni ule unaowazuia wote wawili bila ya kumgharimu mwenye nyumba kuni, makaa wala umeme.

Sasa tujiulize: ni milango ya namna gani inayoonekana huko? Mjini Mbarara, ambao ulitangazwa kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, mlango unaopendwa sana ni wa chuma. Mafundi wa kuchomelea wanaupanga kando ya barabara, umepakwa rangi nyeusi, nyekundu au ya kahawia. Wa pili ni mlango wa mbao, wa mafundi seremala. Wa tatu, ambao huonekana zaidi Nakivale na vijijini, ni mlango wa kuungaunga: vipande vya mbao, karatasi ya bati, mkebe wa mafuta ya kupikia uliopasuliwa na kunyooshwa, au turubai la plastiki lililopigiliwa kwenye miti.

Si vigumu kuelewa kwa nini mlango wa chuma umependwa. Mji wa Mbarara umeona vita. Mwezi wa Septemba 1972 kambi ya jeshi ya Mbarara ilishambuliwa na wapiganaji waliotoka Tanzania. Mapema mwaka 1979, katika vita vya kumwondoa Idi Amin, mji huo ulitekwa na majengo yake mengi yakabomolewa. Baada ya hapo zikafuata nyakati ambazo mtu hakujua ni nani atakayegonga usiku, na kwa nia gani. Si ajabu, basi, kwamba mtu aliyepitia hayo alipojenga tena alichagua mlango kwa kufikiri juu ya risasi na panga, wala hakufikiri juu ya jua na baridi. Mlango wa chuma ni mtoto wa hofu.

Hatusemi kwamba chuma hakina faida. Mchwa hawali chuma, na mwizi hawezi kukivunja kwa teke moja. Lakini lazima ukweli usemwe. Chuma hupitisha joto zaidi ya mara 200 kuliko mbao. Zaidi ya hayo, milango mingi ya kuchomelea imetengenezwa kwa bamba moja tu, lenye unene wa milimeta moja au mbili. Ukilinganisha mlango wa namna hiyo na mlango wa mbao nzima wenye unene wa sentimita 4, utaona kwamba joto linalopenya katika ule wa mbao ni takriban nusu, au hata chini ya nusu, ya lile linalopenya katika ule wa chuma. Joto hilo huingia mchana, wakati halitakiwi, na hutoka usiku, wakati linahitajika.

Mimi ninayewasomea mazungumzo haya niliwahi kuweka mlango wa chuma, uliopakwa rangi nyeusi, upande wa magharibi wa nyumba yangu. Ilipofika saa kumi ya jioni, kitasa kilikuwa hakishikiki, na chumba cha mbele hakikukalika mpaka jua lilipotua. Usiku wa manane bamba lile lile lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Kosa halikuwa la fundi. Alitengeneza kile nilichoagiza.

Polisi wanaotusikiliza hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Wengi wenu mmekaa, au mnao wenzenu waliokaa, katika vile vibanda vya mviringo vya bati viitwavyo yuniporti. Mnajua bati lilivyo saa nane za mchana na lilivyo saa kumi za alfajiri. Mlango wa bamba moja la chuma ni kipande cha yuniporti kilichotiwa katika nyumba ya matofali.

Je, mwenye mlango wa chuma aung'oe na kuutupa? Hapana. Yapo mambo matatu anayoweza kuyafanya. La kwanza, aupake rangi nyeupe, au nyingine iliyofifia, kwa upande wa nje, kwa sababu rangi nyeusi hulimeza jua na nyeupe hulirudisha. La pili, apigilie ubao wa plaiwudi kwa upande wa ndani, akiacha nafasi ya sentimita 2 kati ya ubao na bamba. Hewa iliyofungiwa mahali pembamba ni kizuizi kizuri cha joto, nayo haiuzwi dukani. La tatu, ajenge kibaraza au kipenu mbele ya mlango, ili jua na mvua visiupige moja kwa moja.

Na yule anayejenga sasa, tunamshauri aufikirie upande kabla ya kuufikiria mlango wenyewe. Karibu na Ikweta jua la asubuhi na la jioni huja likiwa chini, nalo hupiga nyuso za mashariki na magharibi kwa nguvu. Mlango unaotazama kaskazini au kusini huhitaji kipenu kidogo tu ili kukaa kivulini sehemu kubwa ya siku.

Tukija kwenye mbao, kuna la kuangalia pia. Mbao mbichi ni hasara. Mkaratusi uliokatwa juzi na kupigwa randa leo utajikunja kabla ya mvua za pili, na mlango utaacha mwanya juu na chini. Mnunuzi amwulize seremala mbao zimekaushwa kwa muda gani, na aupime ubao kwa mkono: ubao mbichi ni mzito na una ubaridi. Musizi ni mwepesi na rahisi kufanyia kazi, lakini lazima utiwe dawa ya wadudu na upakwe rangi au vanishi. Mvule hudumu sana, ila mivule imekuwa michache, na hatuoni sababu ya kuangusha mti wa miaka mingi wakati msonobari wa shamba, ukikaushwa vyema, unatosha. Mahali penye mchwa wengi, fremu iwe ya chuma na ubawa uwe wa mbao. Kila kimoja kitafanya kazi inayokifaa.

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno haya yanauhusu mlango kuliko kitu kingine chochote. Chukua mlango wenye upana wa sentimita 90, ulioacha mwanya wa sentimita moja tu juu ya kizingiti. Mwanya huo ni sawa na tundu la mraba lenye sentimita 9 na nusu kila upande. Nani kati yetu angekubali kutoboa tundu la namna hiyo ukutani na kuliacha wazi usiku na mchana? Lakini tunaliacha chini ya mlango, nalo huingiza upepo, vumbi, mbu, panya na hata nyoka. Dawa yake si ghali. Kizingiti kiinuliwe kidogo kwa saruji au kwa ubao, na ukanda wa mpira uliokatwa katika mpira wa ndani wa gurudumu bovu upigiliwe chini ya mlango. Bawaba ziwe tatu badala ya mbili, ili mlango usilale upande mmoja.

Sasa twende Nakivale. Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa kuwapokea watu waliokimbia kutoka Rwanda, nayo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani sana katika Afrika. Leo yanao watu zaidi ya 100,000, kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko, wakikaa katika maeneo ya Base Camp, Juru na Rubondo. Wengi wao Kiswahili ni lugha yao ya kila siku, kama kilivyo ninyi kambini.

Jambo moja linastahili kutiliwa maanani. Nyumba ya udongo ya mkimbizi, yenye ukuta wa sentimita 20 au zaidi, si nyumba ya kudharauliwa. Udongo mnene hupokea joto polepole na kulitoa polepole. Ukuta huo hufanya kazi vizuri kuliko bati. Lakini mtu amejenga ukuta mzuri wa udongo, kisha akauziba mlango kwa turubai. Turubai halizuii joto wala baridi. Halizuii mwizi, na mwanamke aliye peke yake na watoto hawezi kulikomea kwa ndani. Kwa familia ya namna hiyo, ubawa wa mbao wenye komeo ni ulinzi wa mwili na wa heshima. Polisi wanaofanya doria huko wanalijua hilo.

Tena kazi hiyo inaweza kufanywa na wakimbizi wenyewe. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi. Miongoni mwao wamo maseremala, na miongoni mwa wenyeji wa Isingiro wamo wenye mashamba ya miti. Mlango uliotengenezwa hapo hapo huwapa riziki wote wawili, na huokoa kuni, kwa sababu nyumba isiyopitisha baridi haiwalazimu watu kuwasha moto usiku ili wapate joto.

Na hapa, ndugu wasikilizaji, tunafika kwenye onyo ambalo tunaomba kila mmoja alichukue na kulipeleka nyumbani kwake. Mlango ukishazibwa vizuri, hapana ruhusa kabisa kuingiza sigiri yenye makaa ndani na kulala. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huanza kuumwa kichwa, akasikia kizunguzungu na uchovu, akadhani ni usingizi, kisha haamki. Familia nzima inaweza kufa hivyo, bila ya moshi kuonekana wala kelele kusikika. Yule anayeziba mlango lazima aache matundu ya hewa juu ya ukuta, karibu na dari, na jiko likae nje au katika chumba chake chenye dirisha. Afadhali kuongeza blanketi kuliko kuongeza makaa. Ukiona jirani ameingiza sigiri ndani usiku wa baridi, usione haya kumgongea.

Hali kadhalika komeo. Mlango wa nje lazima ufunguke kwa ndani upesi, bila ya kutafuta ufunguo gizani. Si halali kuwafungia watoto ndani kwa kufuli ya nje, hata kama mzazi anakwenda sokoni kwa nusu saa tu. Moto hausubiri mwenye ufunguo.

Tukihitimisha, tunasema hivi. Zamani mwananchi alichagua mlango kwa sababu ya hofu, na hatumlaumu. Leo, pale ambapo askari na polisi wanatimiza kazi yao barabara, raia anaweza kuuliza maswali mengine anaposimama mbele ya fundi: mlango huu ni mnene kiasi gani? Mbao zimekauka? Chini una mwanya? Unatazama upande gani? Kila raia anayeweza kuyauliza maswali hayo, badala ya kuuliza tu kama risasi itapita, anaonyesha kwamba usalama upo na kwamba anauamini. Ushahidi huo ni wenu ninyi mnaolinda, na ni wajibu wenu kuuhifadhi.

Nanyi mnapokwenda likizo, kaguenI nyumba zenu wenyewe kama mnavyokagua silaha. Anzeni na mlango.