Kabla ya Kununua Kifaa Kipya, Tukague Waya

(Mazungumzo na kamati za maji za parokia)



Ndugu wajumbe, na ninyi wafadhili wetu wapendwa,

Pampu ikisimama, akina mama hurudi mtoni na ndoo kichwani. Basi leo tuutazame waya mwembamba unaounganisha kidhibiti, pampu na kipimo cha tangi. Mitambo mingi hutumia njia ya mawasiliano iitwayo RS-485, na lugha ya Modbus iliyotolewa mwaka 1979. Mawasiliano yakikatika, ni rahisi kuandika barua ya kuomba kifaa kipya, kumbe kasoro iko kwenye waya.

Kwanza, tuanze kwa macho: skrubu zilizolegea, kutu, meno ya panya. Nyaya A na B zikibadilishana nafasi, kifaa hunyamaza kana kwamba kimekufa.

Pili, vifaa vifuatane kwenye waya mmoja kama nguo kwenye kamba, visitawanyike kama matawi ya mti. Urefu usizidi mita 1,200. Kila ncha ya waya iwe na rezista ya omu 120. Isipokuwepo, ishara hurudi kama mwangwi na kuvuruga ujumbe.

Tatu, fundi azime umeme wote, kisha apime kati ya A na B. Akipata karibu omu 60, rezista zote mbili zipo. Akipata 120, moja imekosekana au waya umekatika katikati. Karibu na sifuri, nyaya zimegusana.

Nne, waya huu usilazwe pamoja na waya mkubwa wa pampu, kwani huokota kelele za umeme.

Tatizo likibaki, vifaa vyote vitolewe, kisha virudishwe kimoja kimoja. Kitakachovuruga wenzake kitajulikana. Pia kila kifaa kiwe na namba yake. Viwili vyenye namba moja hujibu kwa pamoja, na hakuna anayesikika.

Ndugu zangu, siku ya kukabidhiwa mradi, kamati idai mchoro wa nyaya na vipimo vilivyoandikwa daftarini. Bila hivyo, fundi mgeni hubahatisha, na kubahatisha hulipiwa kwa sadaka za watu. Nanyi wafadhili, mnapotoa pampu, kumbukeni pia kipimo cha umeme na mafunzo ya kijana mmoja wa kijijini. Huo nao ni uwakili mwema.

Mungu awabariki.