Mkaa wa Kagera na Mionzi ya Nyota

Majuzi hapa Kayanga mzee mmoja alinibana kwa swali. Tulikuwa tukizungumzia wahunzi wa zamani wa mkoa wetu, nami nikamweleza kuwa tanuri za chuma za Katuruka, karibu na Bukoba, zilifanya kazi zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Akanikatiza: "Mwanangu, aliyekuwapo akahesabu ni nani?"

Hesabu hiyo imewekwa na mionzi itokayo mbali mno, nje ya jua letu lakini humu humu katika galaksi yetu. Ni chembechembe ndogo, nyingi zikiwa protoni, zinazoipiga hewa ya juu usiku na mchana. Vishindo vyake hatimaye hugeuza sehemu kidogo ya naitrojeni kuwa kaboni 14. Mti huivuta pamoja na hewa. Ukishakatwa, hauvuti tena. Kila ikipita miaka 5,730 inabaki nusu. Wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walipoandika juu ya tanuri za Wahaya mwaka 1978, saa waliyoitegemea ilikuwa ndani ya mkaa. Wapo waliokuwa wakidai kwamba Mwafrika aliletewa kila kitu. Mkaa umewajibu.

Ila saa hiyo haiendi sawasawa. Jua likichachamaa huifukuza mionzi, likitulia mionzi huongezeka, na usumaku wa dunia nao huizuia kwa kiasi chake. Kwa hiyo miaka inayopatikana maabara husahihishwa kwa kulinganishwa na pete za mashina ya miti, na majedwali ya kusahihishia yalirekebishwa tena mwaka 2020. Mwaka 2012 chombo Voyager 1 kilivuka mpaka wa ngao ya jua, kikakuta mionzi imezidi ghafla.

Inatoka wapi? Tangu Victor Hess alipopanda puto mwaka 1912, wataalamu walihangaika miaka 100, maana usumaku wa angani huipindapinda hata isijulikane ilikoanzia. Mwaka 2013 darubini ya Fermi, iliyoko angani, ilileta ushahidi kutoka kwenye mabaki ya nyota mbili zilizolipuka: humo protoni husukumwa kwa kasi ya ajabu. Chimbuko la ile yenye nguvu kupita zote bado linabishaniwa.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama mkaa wa jikoni kwake nao una saa. Unayo, nikamjibu, ila ndiyo kwanza imeanza.