Lugha ya Kompyuta: Tuchague Ipi?

Tuseme chama chenu cha ushirika huko Kibosho chataka kompyuta iweke hesabu ya kahawa. Mkulima huleta kahawa yake, ikapimwa, akapewa stakabadhi na malipo ya kwanza. Malipo ya pili huja miezi mingi baadaye. Hesabu ikipotea hapo katikati, utadai kwa ushahidi gani?

Kompyuta hufuata maagizo yaliyoandikwa kwa lugha zilizotungwa kwa kazi hiyo, nazo ni nyingi. Fundi atakayekuja kwenu ataisifu ile aijuayo. Msimlaumu, seremala naye huisifu randa yake.

Tazameni yaliyotukia upande wa afya. Programu ya kukusanya hesabu za zahanati, iitwayo DHIS, ilianzia Afrika ya Kusini katika miaka ya 1990. Ya kwanza ilijengwa juu ya Microsoft Access. Ilijengeka upesi, na karani mwenye bidii aliweza kujifunza kuirekebisha. Lakini ilitaka Windows, ambayo hununuliwa, na kila kompyuta ilikuwa na nakala yake peke yake.

Toleo la pili, DHIS2, liliandikwa kwa Java, lugha iliyotolewa mwaka 1995. Kazi hiyo iliongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway. Java haichagui aina ya kompyuta. Programu hukaa mahali pamoja, na wilaya zote huifikia kwa intaneti. Tena hutolewa bure, na Tanzania yaitumia. Gharama ikahamia kwingine: Java na zana zake huchukua muda mrefu kujifunza. Mtu aliyezoea kulirekebisha toleo la kwanza kwa mkono wake hakuweza kuligusa la pili bila mafunzo mapya.

Kwa maoni yangu, chama chenye mzani mmoja na kompyuta moja hakihitaji Java. Python yatosha. Ni ya polepole, kweli, lakini hufundishika upesi, na kupima gunia moja moja hakutaki mbio. Chama kikuu chenye vyama vingi ndani yake, kama KNCU kilichoanzishwa mwaka 1933, kina hesabu nyingine.

Kabla ya somo lijalo, muulizeni mwenyekiti wenu: hapa Moshi wapo mafundi wangapi waijuao lugha tuliyoletewa? Huyu wetu akihamia Dar es Salaam, nani ataifungua programu siku ya malipo ya pili? Andikeni majibu yake katika madaftari yenu.