HABARI ZA FEDHA ZA SERIKALI: TUSISIKILIZE NUSU

(Maneno ya Katibu wa Chama kwenye darasa la kisomo cha watu wazima, Nshambya)



Serikali ikitumia fedha kuliko inazokusanya, hilo ndilo pengo la bajeti. Huzibwa kwa mkopo au msaada. Ikichapa noti tu, bei ya sabuni inapanda. Hayo tumeshajifunza. Leo nasema juu ya wale wanaotuletea habari za pengo hilo.

Wazee mnakumbuka. Vita vya Amin vilianza mkoani kwetu hapa hapa, Oktoba 1978. Inakadiriwa viligharimu kiasi cha dola milioni 500. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977. Mwaka 1979 mafuta yalipanda bei, na kahawa yetu ilikuwa inashuka. Hazina ikakauka.

Redio Tanzania, Uhuru na Daily News vilikuwa vyombo vya Serikali na Chama. Vilisema sana vita, mafuta na bei za dunia. Waandishi wengi wa nchi za Magharibi walisema sana siasa ya Ujamaa na mashirika ya umma yaliyokula hasara. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka shilingi ishushwe thamani. Mwalimu akakataa, na Waziri wa Fedha, Ndugu Edwin Mtei, akajiuzulu 1979. Mapatano yalifikiwa 1986.

Je, nani alidanganya? Mtu akiwa na deni, jirani atasema amekunywa pombe, ndugu yake atasema ameuguza mtoto. Huenda yote mawili ni kweli. Ubaya ni kutaja moja na kunyamazia la pili.

Mimi ni mtu wa Chama, lakini nasema wazi: hata ubao huu umefanya hivyo. Msimu uliopita niliandika hapa kilo za kahawa tulizouza. Deni la pembejeo sikuliandika. Siku ya malipo akina mama walipokea pungufu, wengine wakasema Katibu amekula. Sikula hata senti, ila niliwaficha nusu ya habari. Naomba radhi.

Kwa hiyo, ukisikia habari ya fedha uliza mambo matatu: Anayesema ni nani? Ametaja nini? Ameacha nini?

Kuanzia sasa mapato na madeni yataandikwa hapa bega kwa bega. Anayejua kusoma amsomee jirani. Kama kuna pengo, niulizeni mkutanoni, siyo kilabuni.

Kazi kwetu.