Kabla ya Kuweka Nyumba Rehani



Hapa Tunduma, mpakani na Zambia, biashara haisubiri, na mkopo nao hutafutwa kwa haraka. Dhamana ya wengi wetu ni moja tu: nyumba. Ndiyo maana leo tunazungumzia sheria.

Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke au mume. Marekebisho ya mwaka 2008 yanamtaka mkopaji aeleze kama ana mwenzi, na afisa mikopo naye ajiridhishe. Anayedanganya anatenda kosa.

Marejesho yakikwama, mkopaji hupewa notisi ya siku 60 kabla nyumba haijauzwa. Barua hiyo tusiifiche chini ya godoro. Siku hizo ni za kwenda kwa mkopeshaji kupanga upya malipo.

Aidha, kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, hata mkopeshaji wa mtaani anatakiwa kuwa na leseni. Tuione kwanza, ndipo tutoe hati.

Nyumba ni ya wote wanaolala humo. Tuamue pamoja.